Presha ya Juu

Gisenyi, Jumamosi, Novemba 1999

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ziwa limefunikwa na ukungu, na mimi nimeamka na hasira. Sasa ni usiku na bado ninayo. Kwa hiyo, shajara, leo usitegemee mwandiko mzuri wala adabu.

Asubuhi wifi yangu amefukuzwa nyumbani kwangu.

Nimeiandika peke yake niitazame vizuri. Kwa miaka miwili hili ndilo jambo nililolitamani kila nikifungua mlango na kukuta viatu vyake vya tope vimepangwa juu ya mkeka wangu.

Zozefina ni dada mkubwa wa mume wangu, Fideli. Anaishi Goma. Kila asubuhi anavuka barieri ya mpakani na vitenge vyake, anauza kidogo upande huu, halafu anakuja hapa kukaa na mama yao mpaka mimi nitoke ofisini ninakopiga chapa. Anafunua sufuria zangu. Anasema wali wangu ni uji. Nikisema "tafadhali" anacheka mpaka anajishika kiuno, kisha anawaambia wageni kwamba kaka yake ameoa redio. Mimi nimekulia Karagwe, wazazi wangu walikimbilia Tanzania kabla sijazaliwa, na Kiswahili nilifundishwa darasani kwa kiboko. Yeye chake amekiokota sokoni na kukichanganya na Kifaransa cha masista. Halafu eti ninayechekwa ni mimi.

Nieleze kwanza mashine, maana bila mashine ugomvi wa leo haueleweki.

Mama mkwe alioka mikate Goma kwa miaka mingi, kwenye tanuri la kuni, jikoni pasipo na dirisha. Mikate ilisomesha watoto, moshi ukabaki kifuani. Daktari wa Kigali alituambia kwamba kwa Mama hewa inaingia kwa shida na ile iliyokwisha kutumika haitoki yote. Inabaki ndani, inamlevya. Anaamka kichwa kinamgonga, anasinzia na kijiko mdomoni, anaongea mambo yasiyokuwapo. Ikizidi sana anaweza kulala na asiamke. Daktari alisema hivyo hivyo, bila kupamba.

Mashine ililetwa na shemeji yangu Gaspari, mdogo wao, aliyeko Ubelgiji. Huko kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na mashine hii ilikuwa imestaafishwa wodini. Haiingizi bomba kooni wala haichani mtu. Ni boksi lenye feni ndani, mpira mrefu, na maski inayofunika pua na mdomo, iliyofungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa. Mama anaivaa usiku na tena akipumzika mchana.

Gaspari alitufundisha jioni nzima kwa sauti ya mtu anayeongea na ng'ombe. Simpendi Gaspari. Lakini nilimsikiliza, kwa sababu hapa nyumbani lazima awepo mtu mmoja anayeelewa, na nilishajua huyo mtu ni nani.

Kuna vifungo vitatu vya kuzungusha, vimeandikwa herufi za Kiingereza. Cha kwanza ni IPAP. Hiyo ni nguvu ambayo mashine inasukumia hewa wakati Mama anavuta pumzi. Cha pili ni EPAP, nguvu ndogo inayobaki wakati anatoa pumzi, ili njia za hewa zisijifunge. Cha kwanza kiko kumi na sita, cha pili tano. Niliuliza kumi na sita ya nini, kilo au lita? Fideli akanikanyaga mguu chini ya meza, aliona swali la kijinga. Gaspari akasema ni sentimita za maji. Chukua mrija, uzamishe sentimita kumi na sita ndani ya maji, kisha upulize mpaka mapovu yatoke. Nguvu uliyotumia ndiyo hiyo. Niliijaribu kesho yake kwenye ndoo. Mashavu yaliniuma.

Lakini kinachomsaidia Mama si ile kumi na sita yenyewe. Ni tofauti kati ya namba hizo mbili. Toa tano kwenye kumi na sita, zinabaki kumi na moja, na hizo kumi na moja ndizo zinazofanya kazi ambayo kifua chake kimeshindwa: zinaingiza hewa ya kutosha ili ile iliyotumika ipate kutoka. Ukishusha namba ya juu ukaikaribisha na ya chini, mashine inanguruma vilevile, taa inawaka vilevile, maski inapuliza, na Mama hapati msaada wa maana. Kwa macho huoni tofauti yoyote. Hapo ndipo ilipo hatari.

Kifungo cha tatu ni BPM, idadi ya pumzi kwa dakika. Mama akisahau kuvuta pumzi usingizini, mashine inamwingizia yenyewe. Hicho kiko kumi na mbili na hakuna aliyekigusa, kwa hiyo nakiacha.

Gaspari akasema hakuna mtu humu atakayekumbuka IPAP na EPAP. Akakata plasta ya kidonda, akabandika juu ya vifungo, akaandika kwa kalamu kwa Kifaransa, ipi ya juu na ipi ya chini. Juu ya cha kwanza: PRESSION HAUTE. Juu ya cha pili: PRESSION BASSE. Akatuangalia kama mtu aliyetutoa gizani, akapanda ndege akaenda zake.

Sasa Zozefina na mashine. Karibu na maski kuna tundu dogo linalovujisha hewa makusudi, ili pumzi aliyoitoa Mama isimrudie. Kuna kuvuja kubaya, pale pembeni mashavu yalipobonyea kwa kukosa meno, maski ikawa haikai sawa. Na kuna kuvuja kuzuri, pale tunduni. Mwezi wa kwanza tu wifi alisikia lile tundu likipiga mluzi, akaliziba kwa plasta, akajisifu kwamba ameitengeneza mashine. Nilimkuta mimi. Nilimsema mbele ya jirani, na sijutii.

Kwa hiyo wiki hii Mama alipoharibika, nilijua wa kumshuku.

Ilianza Jumanne. Mama aliamka akishika kichwa. Jumatano alisinzia juu ya chai. Alhamisi alimwita Fideli kwa jina la marehemu baba yao, akamwuliza kama unga umefika. Mikono ilimtetemeka. Umeme haukukatika wiki hii, ndiyo maana niliogopa zaidi, kwa sababu ukikatika angalau unajua sababu. Nilimwambia Fideli kuna kitu mama anapewa mchana sisi tukiwa kazini, majani ya Goma au vidonge vya usingizi, ili alale na binti yake arudi sokoni. Fideli alisema nisiropoke.

Jana niliporudi nilikwenda kuosha chujio la mashine, na jicho langu likaanguka kwenye kifungo cha kwanza. Kilikuwa kwenye nane.

Nane toa tano, tatu. Mama alikuwa akisaidiwa na tatu tangu Jumatatu.

Nilimwita Fideli kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Alikimbia ofisini kwake kumpigia Gaspari simu, akarudi na maagizo: kipandisheni taratibu, kumi, kumi na mbili, kumi na nne, hadi kumi na sita, mkimwacha azoee kila hatua asije akagombana na maski. Na kuanzia sasa asikose maski hata mara moja, usiku wala mchana, mpaka akili itulie. Tukafanya hivyo. Leo alfajiri Mama alifungua macho, akaniangalia vizuri, akasema ana njaa.

Basi Zozefina alipoingia asubuhi, Fideli alikuwa amekaa sebuleni anamsubiri.

Nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Sitadanganya, nilikuwa na raha. Fideli alimwuliza nani aliyezungusha kifungo. Nilitegemea akane. Hakukana.

"Njo mi," alisema. "Muganga mwenyewe alisema ile pression ya juu ishuke. Mi nikashusha."

Muganga anayemsema ni Eliya, muuguzi wa zahanati hapo juu. Alikuja Jumatatu mchana kumwona Mama, mimi nikiwa kazini. Niliporudi wifi aliniambia Eliya ameacha vidonge, amesema chumvi ipunguzwe, na kwamba yeye yote aliyoambiwa ameyafanya. Sikumsikiliza zaidi ya hapo, kwa sababu sina kawaida ya kumsikiliza.

Fideli alimwambia aache uongo. Jana hiyohiyo alikuwa amepita kwa Eliya, wakaongea Kinyarwanda, akamwuliza kama alimwagiza mtu yeyote ashushe mashine. Eliya alishangaa. Alisema mashine ile haijui, hajaigusa, wala hakuitaja.

Zozefina alitazama huku na huku.

"Alisema," akarudia. "Alisema nayo mbele yangu. Mi niue mama yangu, Fideli? Juu ya nini?"

Fideli alinyoosha mkono akaomba ufunguo wa nyumba. Alisema asiikanyage nyumba hii mpaka yeye atakapomwita. Wifi aliutoa ufunguo kwenye pindo la kitenge, ilimchukua muda kufungua fundo, akauweka juu ya meza. Mimi hakuniangalia. Alivaa viatu vyake nje mvuani.

Mchana nilipanda zahanati kuuliza kama vidonge vya Mama viendelee. Eliya ni mtu wa kwetu, amerudi kutoka Ngara, na tukikutana tunaongea Kiswahili chetu mpaka tunasahau tuko wapi. Alinipa pole, akanikaribisha kiti, akasema:

"Haya dada, niambie. Ile presha ya juu ya mama imeshuka? Maana nilimwambia yule wifi yako, hii presha ya juu lazima ishuke."

Nilikaa pale nimeshika mwavuli.

Presha ya juu.

Kwetu Tanzania huo ni ugonjwa. Bibi yangu alikuwa nao, mwalimu mkuu alikuwa nao, nusu ya Karagwe inao. Damu inakwenda kwa nguvu, unaambiwa upunguze chumvi, unapewa vidonge. Mtoto wa shule anajua. Lakini Goma hakuna mtu mwenye presha. Goma wana tension. Ukimwambia mtu wa Goma "presha" anasikia pression, na pression ni ya tairi, ya maji ya bomba, ya mashine. Na kwenye mashine ya Mama imeandikwa kabisa, kwa mkono wa Gaspari, ipi ndiyo ya juu.

Eliya alimpa maagizo matatu kwa Kiswahili na wifi akayafanya yote matatu. Chumvi alipunguza, nakumbuka Fideli alilalamikia mchuzi. Vidonge alimpa, nimevihesabu mwenyewe. Na ile presha ya juu akaishusha.

Hakusema uongo hata neno moja. Na Fideli aliongea na Eliya kwa Kinyarwanda, kwa hiyo neno lenyewe halikutajwa kati yao. Katika mji huu wote mtu aliyeweza kuliona ni mimi peke yangu, mimi niliyeolewa kwao na Kiswahili cha redio.

Niliteremka kilima nikiwa na hasira zaidi ya nilipokipanda. Nilimkasirikia Eliya, anayejua yuko wapi na bado anaongea kama yuko Ngara. Nilimkasirikia Gaspari na plasta zake. Nilimkasirikia Zozefina kwa sababu hakuwa na hatia, na kutokuwa na hatia kwake kumeniharibia siku niliyoingoja miaka miwili.

Fideli alikuwa barazani anarekebisha mguu wa stuli. Aliniuliza Eliya amesema nini. Nilisema vidonge viendelee.

Ndivyo nilivyosema. Vidonge viendelee.

Kisha niliingia jikoni nikachambua maharage, na nisiseme moyo ulinisuta maana haukunisuta. Nilifungua sufuria zangu nikakuta ziko kama nilivyoziacha. Niliwaza kwamba Jumatatu nitatafuta mama mmoja wa kanisani, nimlipe kidogo akae na Mama mchana, mtu mpole, asiyejua kucheka. Niliwaza kwamba hata kama si kwa kosa hili, yapo mengine ambayo Zozefina hakuwahi kulipia. Nilipanga kila kitu vizuri. Nafikiri niliimba.

Saa ya mapumziko ya Mama ilipofika nilikwenda kumvika maski.

Sijawahi kumvika mchana, na sikujua hilo lina maana gani. Usiku anamvika Fideli, mchana ni kazi ya wifi. Mama alinitazama, akatazama nyuma yangu mlangoni.

"Zozefina iko wapi?"

Nilimwambia hayupo leo. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia aulizwe Fideli. Fideli akaja, akaeleza kwa sauti ya chini, akitumia maneno mafupi: kifungo, hatari, ameondoka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Halafu akageuza uso ukutani.

"Basi ile kitu sivai," alisema.

Tulijaribu. Fideli alimbembeleza, mimi nilimwambia maagizo ya Gaspari, kwamba asikose hata mara moja. Aliishika maski kwa mkono wake mkavu akaisukuma mbali, na mashine ikawa inapulizia shuka. Tukaizima. Tukasubiri. Tukaiwasha tena. Safari hii aliweka mkono mdomoni asitoe hata nafasi, na kifua chake kilikuwa kinapanda juu kwenye mabega kila anapovuta, kama mtu anayenyanyua ndoo. Kisha akaanza kusinzia. Si usingizi wa kupumzika. Kichwa kilianguka, akakirudisha, kikaanguka tena, na midomo ilikuwa imepoteza rangi.

Fideli alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika maski mapajani. Mtu mzima, ndevu zake, analia bila sauti.

"Atakufa juu ya kiburi," aliniambia. "Na mi njo nilimufukuzia mutoto wake."

Nilikuwa na jibu tangu mchana.

Nilimvuta mkono nikampeleka jikoni. Nilimwambia aseme kwa Kifaransa "presha ya juu". Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia sema. Akasema, pression haute. Nikamwambia Eliya anaita hivyo tension ya Mama, ndivyo tunavyoita wote tuliotoka Tanzania, hatuna neno lingine. Nikamwambia alichomwambia dada yako Jumatatu ni hicho, kwa maneno hayo hayo.

Fideli alisimama na maharage yanachemka nyuma yake. Niliona linavyomwingia. Midomo yake ilisoma ile plasta bila kuwa mbele ya mashine. Hakuniuliza nimeyajuaje wala lini. Alichukua koti akatoka, mwavuli akauacha ukutani.

Nilibaki na Mama. Nilimkalisha na mito mgongoni, kwa sababu akilala chali anashindwa kabisa. Nilikuwa namwita kila mara asizame. Nilimwita Mama, nikamwita Mabukwe, yaani mama mkwe kwa Kinyarwanda, nikamwita kwa jina lake la ubatizo, kitu ambacho mukazana, mke wa mtoto, hafanyi. Nilimwambia Zozefina anakuja. Sikujua kama anakuja. Kama alikuwa amekwisha kuvuka barieri, leo asingerudi, na kama angekataa kurudi, ningemwelewa. Mara ya kwanza katika ndoa yangu nilikaa nikisikiliza kama nitasikia viatu vya yule mwanamke.

Nilivisikia.

Alimkuta, Fideli aliniambia baadaye, kwenye kibanda cha shoga yake karibu na barieri, hajauza hata kitenge kimoja. Sijui walisemezana nini njiani. Aliingia amelowa, akavua viatu mlangoni, akapita mbele yangu bila salamu, akaenda moja kwa moja chumbani, akainama sikioni kwa Mama.

"Mama. Njo mi huyu."

Mama alifungua jicho moja. Mkono aliokuwa amezibia mdomo ukashuka wenyewe.

Zozefina hakuchukua maski kwanza. Aligeukia mashine, akang'oa ile plasta ya PRESSION HAUTE kwa ukucha, akang'oa na ya pili, akazifinyanga akaziweka mfukoni. Halafu akaniambia, bila kunitazama, nimwoneshe. Ipi ni ya nini. Sikumbuki siku nyingine aliyowahi kuniomba nimwoneshe kitu. Nikamwonesha. Hii ni akivuta, kumi na sita. Hii ni akitoa, tano. Tofauti iwe kubwa, hizi mbili zisikaribiane kamwe. Alirudia polepole, "Akivuta. Akitoa. Zisikaribiane." Akasema kumbe ni hivyo tu, na kwamba Gaspari angesema hivyo mwanzoni asingetusumbua. Kwa hilo tulikubaliana, na sikufurahi kukubaliana naye.

Kisha nikaona kwa nini Mama anamtaka yeye. Sisi tunamvika maski kama tunamfunga mzigo. Yeye aliishika tu mbele ya uso wa Mama bila mikanda, akaiacha impulizie kidogo, akawa anavuta pumzi yeye mwenyewe kwa sauti, kwa mwendo uleule wa mashine, mpaka Mama akaanza kumfuatisha. Mashine ikishasikia Mama anavuta, inasukuma; Mama akiacha, inalegea. Walikuwa watatu wanapumua pamoja. Gaspari hakutufundisha hilo, na mimi kwa kujua kwangu kote sikuwahi kuliwaza.

Mabega ya Mama yalishuka. Zozefina akanipa ishara nije upande wa pili tumfunge mikanda.

Hapo, tukiwa tumeinama uso kwa uso juu ya kichwa cha mama yake, ndipo aliponiuliza. Hakupandisha sauti.

"Fideli anasema ni we ulielewa ile neno. Ulielewa saa ngapi?"

Nilisikia maharage yanaungua. Niliweza kusema, "Mchana." Neno lenyewe ni fupi.

"Sasa hivi," nilisema. "Kabla Fideli hajatoka."

Aliniangalia. Ana macho ya mwanamke wa sokoni, amekaa miaka ishirini akitazama watu wanaosema hawana hela zaidi. Alijua. Nakuapia, shajara, alijua kabla sijafunga mdomo.

"Bon," alisema. "Kaza upande yako. Usikaze sana, iko na kidonda nyuma ya sikio."

Nikakaza upande wangu.

Sasa Mama amelala, kifua kinapanda na kushuka kwa utulivu. Zozefina amelala kwenye mkeka pembeni ya kitanda kwa sababu barieri imefungwa. Kabla ya kulala aliingia jikoni kwangu, akafunua sufuria, akaona maharage yameungua, akayala bila kusema neno. Ningependa angesema.

Simpendi hata sasa. Hilo halijabadilika, na sitaki mtu anisomee humu siku moja adhani lilibadilika. Lakini aliniuliza swali moja tu, na kesho asubuhi atakuwa hapa, na mimi nitakuwa hapa, tunamvika mama yake.

Akiniuliza tena nitasema ukweli: mchana. Na asipouliza?